Gitaa kavu na gitaa la dansi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojifunza

Majibu haya yanahusu gitaa linavyocharazwa kwetu: gitaa kavu la vidole kutoka Katanga (kusini mwa Kongo) na magharibi mwa Kenya, benga ya Wajaluo, na muziki wa dansi wa Tanzania na Kongo ambamo magitaa mawili au matatu hupokezana. Mafunzo mengi ya bure yamejengwa juu ya roki na bluzi. Yanafaa, ila yanamweka mwanafunzi kwenye mkono wa kushoto kwa miezi mingi, wakati muziki huu unategemea zaidi mkono unaodonoa nyuzi. Hapa tumeanzia mkono huo. Nyuzi tunazihesabu kuanzia ile nyembamba: uzi wa 1 ndio mwembamba kuliko zote, uzi wa 6 ndio mnene.

Nianze na gitaa kavu au la umeme?

Anza na lile utakalolishika kila siku. Kama unavutiwa na mtindo wa vidole, gitaa kavu la nyuzi za chuma ndilo lake. Kama shauku yako ni solo za dansi, anza na la umeme bila hofu: nyuzi zake ni laini, na vidole vinachoka taratibu zaidi. Gitaa la nyuzi za nailoni nalo linafaa kujifunzia, lakini usilifunge nyuzi za chuma hata siku moja. Seti ya chuma ya unene wa inchi 0.012 huvuta kwa jumla karibu kilo 70, na ya nailoni kama kilo 40. Gitaa lililotengenezwa kwa nailoni litang'oka daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye kifua cha gitaa) au kupinda shingo. Kosa hili limeua magitaa mengi mazuri.

Nikienda kununua gitaa lililotumika, niangalie nini?

Kwanza shingo. Lishike kama unayelenga shabaha, jicho likiwa upande wa kichwa, utazame ukingo wa shingo hadi kwenye daraja. Upinde mdogo sana wa kuelekea mbele ni wa kawaida. Shingo iliyojisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, iache. Fundi hawezi kuinyoosha kwa gharama inayolingana na thamani ya gitaa.

Pili, kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani). Kwa gitaa kavu, uzi wa 6 ukae kama milimita 2.5 juu ya freti na uzi wa 1 kama milimita 2. Ikifika milimita 4, utakuwa unapigana na gitaa badala ya kujifunza, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani vidole vyao ndivyo vibovu.

Tatu, piga kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine. Ikilia kwa mkwaruzo sehemu moja tu, freti ya mbele yake imeinuka. Ikikwaruza kila mahali, huenda shingo imenyooka kupita kiasi. Mwisho, gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, uudonoe, kisha ukandamize hapohapo na upige tena. Sauti hizo mbili ziwe sawa. Zikitofautiana sana, gitaa halitakaa sawa ukipanda juu ya shingo, hata ulikaze vipi.

Nyuzi zinakazwa kwa sauti zipi?

Kutoka uzi wa 6 hadi wa 1: E, A, D, G, B, E. Programu yoyote ya simu inatosha, mradi imewekwa A ya hezi 440. Ila jifunze pia kwa sikio. Freti ya 5 ya uzi wa 6 ni sawa na uzi wa 5 ukiwa wazi. Ya 5 ya uzi wa 5 ni sawa na wa 4. Ya 5 ya uzi wa 4 ni sawa na wa 3. Ya 4 ya uzi wa 3 ni sawa na wa 2. Ya 5 ya uzi wa 2 ni sawa na wa 1. Hiyo ya 4 ndiyo inayosahaulika. Daima pandisha uzi ukielekea sauti unayoitaka. Ukipitiliza, ulegeze uwe chini yake kisha upandishe tena, vinginevyo utalegea wenyewe katikati ya wimbo.

Vidole vinauma. Ni kawaida?

Kuuma kwa ncha za vidole ni kawaida kwa wiki mbili hadi nne, hadi vipate sugu. Usicheze vidole vikiwa vimelowa maji, kwani sugu hulainika na kuchubuka. Maumivu ya kifundo cha mkono, ya kiganja, au ganzi ya vidole ni jambo jingine kabisa: acha kupiga siku hiyohiyo. Mara nyingi sababu ni kifundo kilichokunjwa sana au gumba linaloibana shingo kama koleo. Ganzi isipoisha baada ya kupumzika, mwone daktari.

Kwa siku nifanye mazoezi muda gani?

Dakika 25 kila siku zinamshinda mtu anayekaa saa tatu Jumamosi. Vidole hujifunza kwa kurudia na kulala. Gawa muda hivi: dakika 5 za mkono wa kulia peke yake, nyuzi zikiwa wazi, dakika 10 za kitu kimoja kinachokushinda, dakika 10 za wimbo mzima bila kusimama hata ukikosea. Hiyo ya mwisho usiiruke. Anayezoea kusimama kila anapokosea hujifunza kusimama, na jukwaani au kanisani bendi haimsubiri.

Kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zipi kwanza?

C, F na G7. Kwa hizo tatu unaingia kwenye sehemu kubwa ya gitaa kavu la Katanga na la magharibi mwa Kenya.

C: kidole cha pete freti ya 3 ya uzi wa 5, cha kati freti ya 2 ya uzi wa 4, cha shahada freti ya 1 ya uzi wa 2. Uzi wa 6 usipigwe.
F ndogo (yaani F ya nyuzi nne tu, si F minor): pete freti ya 3 ya uzi wa 4, kati freti ya 2 ya uzi wa 3, shahada ilale juu ya uzi wa 1 na wa 2 kwenye freti ya 1.
G7: pete freti ya 3 ya uzi wa 6, kati freti ya 2 ya uzi wa 5, shahada freti ya 1 ya uzi wa 1.

Kidole kikae nyuma tu ya chuma cha freti. Ukikandamiza katikati ya nafasi, unahitaji nguvu zaidi na bado sauti inakwaruza.

F kamili ya kulaza kidole nyuzi zote sita hainitoki. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni freti ya 1 yenyewe. Pale karibu na kichwa, uzi umeinuliwa na mfupa unaoushikilia, kwa hiyo ni mgumu kuliko mahali popote pengine. Anza umbo lilelile kwenye freti ya 5, ambapo linakuwa A, ushuke freti moja kila baada ya siku chache. Laza kidole kwa ubavu wake wa upande wa gumba, palipo na mfupa; nyama ya chini ina mikunjo inayomeza nyuzi. Halafu acha mkono mzima uvute gitaa kidogo kuelekea kifuani badala ya kubana kwa gumba. Ukifika freti ya 1 na bado ni jiwe, mpelekee fundi achonge vijia vya ule mfupa viteremke kidogo.

Mtindo wa gumba na shahada unapigwaje?

Huu ndio mtindo wa Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Vidole viwili tu ndivyo vinavyodonoa. Gumba linabeba besi, shahada inabeba wimbo, na msikilizaji anasikia kama watu wawili wamekaa pamoja.

Shika C. Hesabu "moja na mbili na tatu na nne na". Gumba linaangukia kwenye namba, shahada kwenye kila "na":

moja: gumba, uzi wa 5
na: shahada, uzi wa 2
mbili: gumba, uzi wa 4
na: shahada, uzi wa 1
tatu: gumba, uzi wa 5
na: shahada, uzi wa 2
nne: gumba, uzi wa 4
na: shahada, uzi wa 3

Kwa G7 gumba linakwenda uzi wa 6 na wa 4. Kwa F ndogo gumba linakwenda wa 4 na wa 3, na shahada inabaki kwenye wa 2 na wa 1. Zungusha C, F, C, G7, mzunguko mmoja kwa kila kodi. Siku nne za mwanzo piga gumba peke yake, hadi uweze kuongea na mtu bila gumba kuyumba. Tunalisisitiza hili kwa sababu hapa ndipo karibu kila mwanafunzi huharibikiwa: shahada ikiingia mapema, gumba huanza kuufuata wimbo, na besi inapotea.

Likishasimama, ongeza mbano. Kwenye "moja", gumba na shahada vidonoe kwa pamoja, uzi wa 5 na wa 1. Kisha anza kubadilisha noti ya shahada kwa kuinua au kuongeza kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kwa mfano freti ya 3 ya uzi wa 1 ukiwa bado kwenye C. Wimbo unazaliwa humo ndani ya kodi, mkono hauhami.

Gumba lipige kwa ubavu, likielekea chini, na shahada ivute kuelekea kiganjani. Gumba litangulie mbele ya shahada, yaani lielekee upande wa shingo. Vikigongana, jua mkono umekaa wima mno. Kucha ya shahada ya milimita 1 hadi 2 inatosha.

Na omutibo?

Ni mtindo ndugu wa karibu wa huo wa Katanga, kutoka kwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya, na jina linalotajwa kwanza ni George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Gumba ndilo linalotawala zaidi, na noti za juu hufuata sauti ya mwimbaji. Mwenzako hugonga chupa ya soda kwa msumari au kijiti. Usiidharau chupa: ndiyo saa yako, na ukiipata huna haja ya metronomu (kifaa au programu inayogonga mapigo sawasawa).

Ukitaka kuimba juu zaidi bila kubadili maumbo ya kodi, tumia kapo, kibano kinachokandamiza nyuzi zote kwenye freti moja. C yenye kapo freti ya 2 inalia D. Kapo freti ya 4 inalia E. Kipande cha penseli kilichofungwa kwa mpira juu ya nyuzi kinafanya kazi hiyohiyo, mradi kilale karibu kabisa na freti.

Nafanyaje nikae kwenye mdundo?

Weka metronomu mapigo 60 kwa dakika. Usiipandishe mpaka umepiga mzunguko mara nne mfululizo bila kosa na bila mabega kukaza. Kisha ongeza 4. Ukifika mahali pa kuharibika, shuka 8, upande upya.

Kwa rumba hilo halitoshi. Sahani za santuri za Kikuba zilizoenea Kongo kuanzia miaka ya 1930 zilileta mpigo wa klave, na ukiukosa utasikika kama mgeni hata noti zako zikiwa sahihi. Hesabu 1 hadi 16 kwa usawa, mguu ukigonga kwenye 1, 5, 9 na 13. Piga makofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hapo awali mguu na mikono vitagombana kwenye 4 na 7. Fanya hivyo bila gitaa kwa wiki nzima, ukiwa unatembea au unaosha vyombo. Baadaye shika C, zima nyuzi kwa mkono wa kushoto, ukung'ute mipigo hiyo mitano tu. Ukiweza kuimba kitu chochote juu yake, fungua kodi ilie.

Kwenye bendi ya dansi, kila gitaa linafanya nini?

Ridhimu linaweka kodi na mdundo chini ya uimbaji. Solo linajibu mwimbaji na kuongoza pale wimbo unapochangamka, sehemu ambayo Wakongo wanaiita sebene na ambayo kwetu huitwa chemko. Second solo linakaa katikati: linarudia kipande kifupi kisichobadilika, kikiziba mapengo yaliyoachwa na wenzake. Ukisikiliza bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, au Super Matimila ya Remmy Ongala, jaribu kulifuata gitaa la katikati peke yake kwa wimbo mzima. Ni vigumu, na ni somo kubwa kuliko kukariri solo.

Kosa la wanafunzi wawili wanaocheza pamoja ni wote kupiga kwenye mapigo yaleyale. Mmoja akiangukia kwenye namba, mwingine ajaze kwenye "na". Kama mmoja yuko freti za 1 hadi 4, mwenzake apande freti ya 7 na kuendelea. Mkishasikia gitaa la tatu ambalo hakuna anayelipiga, mmefika.

Solo la rumba linaanzia wapi? Nimejifunza skeli (ngazi za noti) lakini hazisikiki kama dansi.

Kwa sababu solo la dansi mara nyingi hutembea kwa noti mbili pamoja. Jifunze njia hizi mbili katika C.

Njia ya kwanza iko kwenye uzi wa 2 na wa 1. Namba ya kwanza ni freti ya uzi wa 2, ya pili ya uzi wa 1: 1 na 0, 3 na 1, 5 na 3, 6 na 5, 8 na 7, 10 na 8, 12 na 10, 13 na 12.

Njia ya pili iko kwenye uzi wa 3 na wa 1, ukiruka wa 2: 0 na 0, 2 na 1, 4 na 3, 5 na 5, 7 na 7, 9 na 8, 10 na 10, 12 na 12. Hii idonoe kwa gumba na shahada. Ndiyo sauti pana, yenye uzito, inayosikika sana kwa Franco (1938–1989), mpiga gitaa wa Kongo. Mwenzake wa Kongo, Docteur Nico (1939–1985), alielekea zaidi kwenye wepesi na mtiririko. Sikiliza wote wawili kabla ya kuamua unaegemea wapi.

Sasa sehemu inayoachwa: si kila jozi inafaa kutulia juu yake. Kwenye njia ya kwanza, bendi ikiwa kwenye C tulia kwenye 1-0 au 5-3. Ikiwa F, tulia kwenye 6-5 au 10-8. Ikiwa G, tulia kwenye 8-7 au 12-10. Jozi nyingine ni za kupitia. Rekodi kodi zako C, F, C, G kwenye simu, kisha piga jozi moja tu kwa kila kodi, ile ya kutulia. Ikikaa vizuri, ongeza jozi moja ya kupitia kabla ya kila badiliko. Kipande cha mapigo manane unachoweza kukirudia mara ishirini kina thamani kuliko skeli tano. Sebene hujengwa kwa kurudia, na wachezaji wanaingia uwanjani wakishakizoea kipande hicho.

Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) ni mfano mwingine wa kusoma kwa makini: alikuwa mwimbaji na mpiga solo, na gitaa lake linavuta pumzi kama mwimbaji, kwa vipande vifupi na nafasi kati yake.

Mi-composé ni nini?

Ni mkazo wa nyuzi wa magitaa ya Kongo. Uzi wa 4 unatolewa, mahali pake unawekwa uzi mwembamba, wa inchi 0.010 au 0.009, unaokazwa D ya juu, yaani oktava moja juu ya kawaida. Maumbo ya kodi hayabadiliki, ila ukizidonoa noti moja moja zinasikika zikimeta karibu karibu, na zinapenya juu ya ridhimu bila kuifunika. Angalia kijia cha uzi wa 4 kwenye mfupa wa kichwa: ni kipana kwa uzi mwembamba, na unaweza kucheza humo. Kipande cha karatasi ndani ya kijia kinasaidia.

Benga linatofautianaje?

Solo la benga linatokana na upigaji wa nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi 8. Noti zinadonolewa moja moja, kwa haraka, fupi na kavu, na besi linatembea kwa nguvu kuliko kwenye rumba. Fanya zoezi la kukata sauti: piga noti, kisha legeza kidole mara moja bila kukitoa juu ya uzi. Noti ikirefuka, ladha ya benga inapotea.

Nikitumia amplifaya, gitaa lina makelele ya nyuzi nisizopiga.

Hayakuanza leo, ulikuwa huyasikii. Nyuzi nene zizimwe na ubavu wa kiganja cha kulia, nyembamba na upande wa chini wa shahada ya kushoto inayozigusa bila kukandamiza. Usiongeze mkwaruzo wa amplifaya. Sauti iwe safi, trebo juu kidogo, besi chini ili kumwachia nafasi mpiga besi, mwangwi kidogo tu.

Piki au vidole?

Ridhimu ya haraka na benga: piki inasaidia, ya milimita 0.7 hivi. Jozi za njia ya pili: vidole. Jifunze vyote.

Nasikilizaje rekodi ili nijifunze?

Rekodi nyingi za zamani hazikai kwenye hezi 440, kwa sababu ya kasi ya tepu au sahani. Kabla ya chochote, kaza gitaa lifuate rekodi. Kisha punguza kasi hadi 0.75 au 0.5, chagua sekunde nne, uziimbe kwa mdomo hadi zitoke bila kusita. Baada ya hapo ndipo ushike gitaa. Anayeanza kutafuta kwa vidole kabla ya kuimba huishia kupata kitu kinachofanana tu.

Nyuzi zangu zinashika kutu haraka.

Pwani ni kawaida. Unyevu, chumvi na jasho vinasaidiana. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake, kila unapomaliza. Ukipiga saa moja kila siku, badilisha seti baada ya miezi miwili hivi, na mapema zaidi ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja.

Natumia mkono wa kushoto. Nigeuze gitaa?

Ukiligeuza, badilisha mpangilio wa nyuzi na ule mfupa wa kichwa pia, la sivyo nyuzi nene hazitaingia. Wengi wenye shoto hujifunza kwa gitaa la kawaida bila shida. Jaribu kukung'uta hewani: mkono unaojiinua wenyewe kupiga ndio wa kudonoa.

Nimekwama kwenye kasi ya 100, na sebene linataka 120 au zaidi.

Tazama mkono wa kulia kwenye kioo. Kwa kawaida utaona kidole kinaruka sentimita mbili juu ya uzi baada ya kila pigo. Kirudishe kiwe karibu milimita 5. Halafu tafuta badiliko moja linalokwamisha, kwa kawaida ni kutoka F kwenda G. Litoe peke yake, noti mbili kabla na mbili baada, ulipige kwa 120 mara kumi huku ukipumzika kati ya mara na mara. Liunganishe na kilichotangulia, kisha na kinachofuata. Kipande kizima kikishatoka kwa 120, kipige kwa 80 pia. Kikikushinda kwa 80, bado hujakishika.